Makopo Mawili

Kazi yangu ni kuvusha maneno.
Bi Kaudha anasema Kisoga, mimi naleta Kiswahili,
karani anapiga chapa, na feni ya chumba hiki cha Jinja
inakata hewa ileile tangu saa tatu.

Mezani, kanzu mbili.
Ya kwanza imefuliwa kwa jiki: nyeupe kama jino la mtoto,
na pale kifuani, uzi wa damu ya mzee
umegeuka chai iliyomwagika jana.
Ya pili nyeupe vilevile, na uzi wake
ungali mwekundu, wekundu wa kwendea kuposa.

Isabirye anasema: dawa hii ni yangu.
Unga wa oksijeni, na chumvi ya majivu ya maganda ya ndizi,
kwa kipimo hiki, kwa maji baridi.
Kampuni ya sabuni inasema: yako kwa lipi?
Unga umejaa madukani. Majivu tumeyakuta kwa bibi zetu.
Kuviunganisha ni jambo lililo wazi
kwa fundi yeyote wa kawaida.

Huyo fundi wa kawaida nimemtafsiri tangu Jumatatu.
Amesoma kila kitabu, hajaota hata ndoto moja.
Anajua yote yaliyokwisha kujulikana
na hajawahi kuunguza shuka la mtu.
Hana jina, hana mgongo unaouma, hana deni la mkaa.
Nimemwekea kiti chini ya feni.
Kiti kiko wazi.

Ndipo wakili Tumuhimbise, wa kampuni,
akamwita Bi Kaudha,
miaka thelathini na mmoja akiwafulia watu Walukuba,
vidole vimechujuka hadi havina alama za kuchukuliwa.
Mama, majivu ulikuwa nayo?
Nilikuwa nayo.
Na unga?
Binti yangu aliniletea kutoka Kampala, kopo la bati.
Kwa hiyo lilikuwa jambo la wazi, sivyo?

Akanyamaza. Nami nikanyamaza,
maana kimya hakitafsiriki.

Kisha:
Yalikaa rafu moja, miaka saba.
Kopo la majivu huku, kopo la unga huku,
katikati panatosha kiganja, hivi.
Akakilaza kiganja mezani, kati ya kanzu na kanzu,
na karani akaniangalia, aandike nini?
Asubuhi nilinyoosha mkono nikachukua kopo moja.
Jioni nikachukua lingine.
Nimelipa kanzu nne za watu.
Ya tano ilikuwa ya marehemu kaka yangu,
hiyo sikupata wa kumlipa.
Kama lilikuwa wazi, bwana,
niambie macho yangu yalikuwa wapi.

Nikayavusha yote, neno kwa neno,
hata lile "bwana".
Wakili akafunga faili taratibu
kama mtu aliyechimba kisima siku nzima
akaambiwa kiwanja ni cha jirani.

Mlango wazi. Kidonda wazi. Nafasi ya kazi iko wazi.
Usiku nimelikung'uta neno hili kama shuka
na bado linanidondoshea vumbi.
Anayeuita mlango wazi
mara nyingi ameshapita,
yuko ndani, anakunywa maji.

Uamuzi wiki tatu zijazo.
Nilikuwa nashuka ngazi nilipomwona Isabirye
amemshika mama mkono kwa mikono miwili, anashukuru.
Wasoga wote wawili, hapo hawakunihitaji.
Lakini sikio la mkalimani halifungwi saa kumi na moja.

Usinishukuru, alisema, nimesema yaliyonipata tu.
Ila niambie, mwanangu.
Ikishaandikwa kwa jina lako,
nami nikachanganya makopo yangu mawili
jikoni kwangu, kwa ajili ya kanzu ya mtu,
nitakuwa mwizi?

Isabirye alitazama viatu vyake.
Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi vizuri.
Nilingoja ngazini jibu la kuvusha.